Namna ya kuomba ruzuku ya polisi wa shule katika mji mdogo wa Marekani

Naandika haya kwa Waswahili wenzangu mnaofanya kazi kwenye ofisi za miji, idara za polisi na wilaya za shule hapa Marekani, na kwa wazazi mlioingia kwenye kamati za usalama wa shule. Tumekuwa wengi: Louisville na Lexington kule Kentucky, Abilene kule Texas, Des Moines kule Iowa. Mimi si askari. Kazi yangu ni kuandika maombi ya ruzuku katika idara ndogo ya polisi, na maombi ninayoulizwa zaidi ni ya askari anayekaa shuleni.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Ruzuku kubwa ya serikali kuu inamlipa askari kwa miezi 36. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakaa shuleni miaka 12. Kwa hiyo piga hesabu ya mwaka wa nne kwanza, ndipo uombe pesa ya mwaka wa kwanza.

Hatua ya 1: Jua mlango unaobisha

Ofisi inayoitwa COPS, iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani, ilizaliwa na sheria ya uhalifu ya mwaka 1994. Inatoa ruzuku mbili ambazo watu huzichanganya kila mwaka.

Ya kwanza ni ya kuajiri, COPS Hiring Program. Hii ndiyo inayolipa mshahara na marupurupu ya askari aliyeapishwa, na askari huyo unaweza kumpangia shule. Mwombaji ni idara ya polisi yenyewe.

Ya pili ni School Violence Prevention Program. Ilitokana na sheria iliyopitishwa Machi 2018, wiki chache baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland, Florida. Hii ni ya kufuli, taa, mitambo ya kuita polisi haraka, na mafunzo. Wilaya ya shule inaweza kuomba yenyewe, hadi dola 500,000, na wao wanachangia robo. Lakini mshahara wa polisi wa shule haulipwi humo. Nimeona wilaya ikiandika kurasa nyingi nzuri kuomba askari kupitia mlango huu, na kazi yote ikaanguka kwa sababu hiyo tu. Soma kwenye tangazo la ufadhili sehemu ya gharama zisizoruhusiwa kabla hujasoma sehemu nyingine yoyote.

Kuna mifuko midogo pia. Ruzuku ya JAG, ambayo pia ni ya serikali kuu kwa kazi za polisi na haki, hugawanywa kwa kanuni ya idadi ya watu na uhalifu wa kutumia nguvu. Jina lake linamkumbuka Edward Byrne, askari wa New York aliyeuawa 1988. Fulana za kuzuia risasi zina mpango wake unaorudisha hadi nusu ya bei. Tena usisahau jimbo lako. Texas, kwa sheria ya 2023, ilidai askari mwenye silaha kila shule na kuanza na dola 15,000 kwa shule moja, ambazo mtu yeyote anayejua mishahara ya polisi ataona hazitoshi. Florida ilitunga sharti kama hilo mwaka 2018.

Hatua ya 2: Kaa na mhasibu

Hapa ndipo miji midogo huumia, kwa hiyo twende polepole.

Tangazo la ruzuku ya kuajiri husema serikali kuu italipa hadi asilimia 75. Watu wanashangilia. Lakini mstari wa chini yake unaweka ukomo wa dola 125,000 kwa nafasi moja, kwa miezi yote 36, na inayohesabiwa ni ngazi ya mshahara wa askari anayeanza kazi tu. Chukua mfano wa askari ambaye mshahara, bima na pensheni vinagharimu mji dola 80,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 240,000. Asilimia 75 yake ingekuwa 180,000, ila ukomo unakata na unabaki na 125,000. Mji unatoa 115,000.

Bado. Ruzuku ikiisha, sharti linakutaka umweke askari huyo miezi 12 zaidi kwa fedha zako mwenyewe. Ongeza 80,000. Sasa mji umetoa dola 195,000 ndani ya miaka minne, na serikali kuu 125,000. Ile asilimia 75 imekuwa kama 39. Na hapo hatujaweka gari, redio, sare wala mafunzo, wala nyongeza ya mshahara ya kila mwaka.

Bado naipenda ruzuku hii, na kwa mji maskini dola 125,000 si mchezo. Ninachosema ni kwamba karatasi yenye hesabu hizi iwe mezani kwa halmashauri ya mji kabla ya kura, na wilaya ya shule ikubali kwa maandishi itabeba sehemu gani. Mahali nilipoanzia kazi hii, hesabu hiyo haikufanywa. Mwaka wa nne ulipofika, askari ambaye watoto walikwisha kumzoea aliondolewa muda ulipotimia, na mwalimu mkuu akabaki kuwaeleza wanafunzi kwa nini mlango wa ofisi ya askari umefungwa.

Sharti jingine la fedha: pesa hii ni ya kuongeza askari. Huwezi kumwondoa askari ambaye bajeti ya mji ilishamlipia, halafu ukamrudisha kwa pesa ya serikali kuu. Wakaguzi wanaliangalia hili kwa makini, na adhabu yake ni kurudisha fedha. Unachoruhusiwa ni kumwajiri kijana mpya kwa ruzuku, umweke doria, kisha umtoe askari mzoefu aende shuleni. Mimi hupendekeza njia hii karibu kila mara, maana shule si mahali pa kujifunzia kazi.

Hatua ya 3: Usajili, miezi miwili kabla

Mji lazima uwe hai kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, na uwe na namba ya utambulisho ya UEI, yenye tarakimu na herufi 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, Aprili 2022. Usajili ni bure. Kampuni zitakazokupigia simu zikitaka dola mia kadhaa wakushughulikie, waage kwa upole. Usajili huo huisha kila mwaka. Hakikisha jina na anwani vinafanana herufi kwa herufi na zilizo kwenye karatasi za mamlaka ya kodi (IRS). Kwetu tuliwahi kukwama wiki tatu kwa sababu sehemu moja iliandikwa «Street» kwa ukamilifu na nyingine kwa kifupi.

Maombi yenyewe yana sehemu mbili na tarehe mbili. Fomu fupi inapita Grants.gov, tovuti ya ruzuku zote za serikali kuu, kwanza; maombi kamili yanafuata kwenye JustGrants, mfumo wa Wizara ya Sheria, siku kadhaa baadaye. Ukikosa tarehe ya kwanza, ya pili haikusaidii. Weka watu wawili wenye nenosiri, maana mmoja akiugua siku ya mwisho hakuna wa kumlilia.

Hatua ya 4: Tafuta tatizo lililo halisi

Fomu itakuuliza takwimu za uhalifu za miaka mitatu, hali ya umaskini na ajira katika mji. Hizo jaza kama zilivyo. Kinachokutofautisha na mji wa jirani ni maelezo ya tatizo.

Nenda kwa wapokea simu za dharura. Waombe orodha ya simu zote zilizotoka kwenye anwani za shule, kisha zipange kwa saa na kwa aina. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mkuu wetu wa polisi aliamini shida ni ugomvi wa ndani ya madarasa. Orodha ikaonyesha kingine: simu zilijaa kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, na nyingi zilitoka kituo cha basi ng'ambo ya barabara, ambako wanafunzi wa shule mbili walikutana bila mtu mzima. Tukaandika hilo, na ratiba ya askari tukaijenga juu ya saa ile. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za kusema usalama ni muhimu.

Hatua ya 5: Makubaliano na shule

Ukishinda na ukasema askari atakuwa wa shule, COPS inataka hati ya makubaliano kati ya polisi na shule ndani ya siku 90. Usingoje ushinde. Ianze mapema, na wazazi wakiwemo.

Katika mkutano wetu wa kwanza, mama mmoja kutoka Uvira alisimama nyuma kabisa, kitenge begani, akasema: «Kwetu, mutu wa bunduki akiingia ku masomo, batoto bote banakimbilia mu pori. Leo munataka wangu amupe mukono?» Mkalimani alitafsiri na chumba kikanyamaza. Ile rasimu tuliyokuja nayo haikuwa na jibu kwake. Tuliichukua tukarudi nayo ofisini, na vifungu vinavyofuata, au karibu vyote, vilitoka kwenye swali lake.

Andikeni kwamba nidhamu ni kazi ya walimu. Mtoto aliyechelewa, aliyejibu vibaya, aliyetumia simu darasani, haitiwi polisi. Andikeni nani anaruhusiwa kumwita askari na kwa jambo gani. Andikeni mzazi atajulishwa lini mtoto wake akihojiwa, na kwamba atajulishwa kwa lugha anayoielewa. Mkalimani awe mtu mzima aliyefunzwa. Mtoto asimtafsirie mama yake mbele ya polisi, hata kama ana Kiingereza kizuri kuliko wote. Hili lina mguu kwenye Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya sita, inayokataza anayepokea fedha za serikali kuu kubagua kwa asili ya taifa. Gharama ya mkalimani iweke kwenye bajeti ya mji tangu mwanzo, kwa kuwa ruzuku ya kuajiri hulipa mshahara na marupurupu tu.

Kuna pia suala la kumbukumbu za wanafunzi. Sheria ya serikali kuu iitwayo FERPA inalinda taarifa za wanafunzi zilizo shuleni, na askari hapaswi kuzifungua kama droo ya ofisi yake. Semeni wazi anaona nini na kwa ruhusa ya nani. Na kwa wenye familia zenye kesi za uhamiaji: masharti ya ruzuku za Wizara ya Sheria kuhusu uhamiaji yamebadilika kutoka utawala mmoja hadi mwingine. Mwanasheria wa mji ayasome masharti ya mwaka huo kabla meya hajatia saini, kisha wazazi waelezwe ukweli wake hadharani.

Mwisho wa hati, weka mafunzo. COPS inawataka polisi wa shule wahudhurie kozi ya saa 40 ya NASRO, chama cha kitaifa cha polisi wa shule. Chama hicho hufundisha kazi hii kama mafiga matatu: ulinzi wa sheria, ufundishaji, na ushauri kwa vijana. Tena askari anatakiwa atumie angalau asilimia 75 ya muda wake shuleni na maeneo yake, kwa hiyo mkuu wa polisi asimchukue kila doria ikipungua.

Hatua ya 6: Andika kama unavyomweleza mtu

Msomaji wa maombi hajui mji wako. Mtajie barabara, shule, saa. Taja askari atafanya nini Jumatatu asubuhi na atafanya nini Julai shule zikiwa zimefungwa. Kila ahadi utakayoandika itakuwa sharti la mkataba ukishinda, kwa hiyo usiahidi klabu tano za vijana kama una askari mmoja. Mpe rasimu mtu asiye polisi aisome kwa sauti. Anapokwama, pafanyie kazi.

Hatua ya 7: Ukishinda, au ukikosa

Ukikosa, tazama mahali ambapo takwimu zako zilikuwa nyembamba, tunza ile hati ya makubaliano, na mwakani unaanzia nusu ya njia.

Ukishinda, fungua faili siku hiyohiyo. Fedha hazitumwi kwa mkupuo. Unazidai kupitia ASAP, mfumo wa malipo wa serikali kuu, kwa gharama zilizotokea. Ripoti ya fedha hutoka kila robo mwaka, ndani ya siku 30 baada ya robo kuisha, na ukichelewa mfumo unakufungia malipo. Karatasi za saa za kazi, mishahara na mafunzo zitunzwe miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho.

Halafu chukua kalenda, hesabu hadi mwezi wa 24, uandike humo: «Kikao cha mwaka wa nne: mhasibu, mkuu wa polisi, mwakilishi wa shule, wazazi wawili.» Tuma mwaliko huo leo, wakati barua ya ushindi bado iko mezani na kila mtu anapokea simu zako.