Klipu au fundo: namna ya kufunga chambo bandia

Klipu ya kubadilishia chambo, yaani kile kiwaya kidogo cha mwisho wa mshipi unachokifungua na kukifunga ili kushika chambo, haiondoi fundo. Fundo bado lipo, limehama tu kutoka kwenye chambo na kwenda kwenye klipu. Ukishalikubali hilo, ule ubishi wa kwamba klipu ni za wavivu na mafundo ni ya wazee hauna maana tena. Unabaki na jambo moja la kujiuliza: chambo nilichoshika kinacheza chenyewe majini, au nakichezesha mimi?

Hatua ya 1: Kitazame chambo kabla ya kushika mshipi

Samaki bandia mgumu, yule mwenye ulimi wa plastiki chini ya kidevu, huyumba mwenyewe ukimvuta. Ili ayumbe anahitaji nafasi puani. Fundo lililobana tunduni linamnyima nafasi hiyo, ila klipu ya kujipinda mviringo inampa. Vijiko vya chuma ni vivyo hivyo. Hapa klipu ni kifaa cha kazi hasa, tena unabadilisha rangi au kina bila kukata mshipi.

Chambo laini cha mpira, au ndoana yenye kichwa cha risasi, husubiri mkono wako. Hivyo funga moja kwa moja. Klipu haikuongezei kitu, inazoa majani ya majini, na ni kiungo kimoja zaidi kati ya kidole chako na samaki anayegusa kwa mashaka.

Vyambo vidogo vinavyoelea vinataka uangalifu. Klipu nzito huzamisha pua, na chambo kilichotengenezwa kukaa juu kikianza kuinama, hakitamdanganya samaki yeyote. Kama huna klipu nyepesi sana, tumia fundo la kitanzi (hatua ya 4).

Chambo chenye bapa linalozunguka ndicho pekee ninachokipa swiveli, kile kiungo kidogo ambacho ncha zake huzunguka kila moja kivyake, kwa sababu bila hiyo mshipi husokotwa mpaka unajikunja ukiwa bado kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kumfungia samaki bandia anayeyumba klipu pamoja na swiveli ni kumbebesha chuma cha bure, maana yeye hazunguki.

Ukikuta chambo kina pete ya chuma puani, usirundike klipu juu ya pete. Toa pete uweke klipu, au acha pete ufunge fundo. Ukifunga kwenye pete, hakikisha fundo halijakaa pale miisho ya waya inapokutana. Pale panakata.

Hatua ya 2: Chagua klipu

Chukua ndogo kuliko zote inayoshinda nguvu ya mshipi wako. Mshipi ukiwa wa kilo 6, klipu iwe imeandikwa zaidi ya hapo. Usitegemee namba ya saizi, kwa kuwa namba 2 ya mtengenezaji mmoja si namba 2 ya mwingine. Soma kilo.

Kisha tazama umbo. Kichwa cha mviringo kinaacha chambo kiteleze huku na huku, ila chenye kona kali kinakikwamisha upande mmoja. Klipu ya waya mmoja ambao ncha zake hujifunga kwenye waya wenyewe naiamini kuliko ile ya kizamani yenye kipande cha bati kinachoshikilia waya kama pini ya nguo. Bati likipanuka kidogo tu, mlango umefunguka. Kwa maji ya chumvi chukua chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 3: Funga klipu kwa fundo la Palomar

Fundo hili linashika vizuri hata mshipi wa kusuka, ambao ni mtelezi. Kero yake ni kwamba kitu unachokifunga lazima kipite chote ndani ya kitanzi, na chambo chenye ndoana za ncha tatu kitakuchoma vidole. Klipu tupu inapita bila shida.

Kunja mshipi uwe mara mbili, kama sentimita 15. Pitisha ncha iliyokunjwa kwenye tundu la klipu. Kwa mshipi huo wa mara mbili funga fundo la kawaida, ukiliacha legevu. Pitisha klipu yote ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa maji au mate, kisha vuta taratibu hadi likae. Kulowesha si madoido: nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano, na hapo ndipo hudhoofika. Kata mkia, uache milimita 2 au 3.

Hatua ya 4: Fundo la kitanzi, pasipo na klipu

Hili linaacha kitanzi kisichobana, kwa hiyo chambo kinacheza karibu kama kiko kwenye klipu, bila uzito wa chuma.

Funga fundo la kawaida legevu, sentimita 25 hivi kutoka mwisho wa mshipi. Pitisha mwisho kwenye tundu la chambo, uurudishe ndani ya lile fundo legevu kupitia upande uleule ulikotokea. Uzungushe kwenye mshipi mkuu mara 5, au mara 3 hadi 4 ikiwa mshipi ni mnene. Urudishe tena ndani ya fundo legevu, upande uleule. Lowesha, vuta mkia kidogo mizunguko ikusanyike, halafu vuta chambo na mshipi mkuu kwa pamoja. Wengi hukosea upande wa kurudi, na fundo linaachia. Jizoeze nyumbani kwa kamba nene kwanza.

Hatua ya 5: Jaribu karibu nawe

Kabla ya kurusha mbali, vuta chambo majini pale ulipo na ukitazame. Kikilalia upande mmoja au kikisita, badilisha klipu kwa ndogo zaidi kabla hujakilaumu chambo.

Hatua ya 6: Kata, hata kama hujalazimika

Hili ndilo wapenda klipu husahau. Anayefunga fundo kila abadilishapo chambo anakata pia ule mwisho wa mshipi uliosuguliwa na mawe. Mwenye klipu anabadilisha vyambo kutwa nzima juu ya mshipi uleule, na fundo lilelile linazidi kuchoka. Pitisha mita ya mwisho kati ya vidole mara kwa mara. Ukihisi mkwaruzo, au baada ya samaki mkubwa au kunasa kwenye mwamba, kata na ufunge upya.

Klipu yenyewe nayo huchoka, kwani waya unaofunguliwa na kufungwa kila mara hatimaye huvunjika. Ikiwa hairudi kwa nguvu mahali pake, au unaona mwanya, iweke mfukoni ukaitupe nchi kavu.

Kwa samaki wenye meno makali mjadala ni mfupi: tumia kipande cha waya wa chuma chenye klipu mwishoni. Waya haufungiki na kufunguliwa kama nailoni, na kila ukiukunja unauvunja kidogo.