Jinsi ya kulea seli za iPS zisikufie mkononi

Wanaoniuliza kuhusu kazi yangu hapa Kyoto hudhani nashinda naunda mioyo na figo. Mimi nashinda nalisha. Ukiingia maabara ya tiba ya kujenga upya tishu, utakabidhiwa sahani ya seli za iPS, yaani seli za kawaida za mwili zilizorudishwa kwenye hali ya uchanga, na mtu wa kukuchunga, na usipojua kuzilea hayo mengine hutayafikia. Usione aibu kuanzia chini. Shinya Yamanaka, mwenye ugunduzi huu, alianza kama daktari wa upasuaji wa mifupa mwenye mkono mzito, na aliporudi Japani kutoka San Francisco alijikuta akihudumia panya wa maabara mwenyewe. Mwaka 2006 yeye na Kazutoshi Takahashi walianza na jeni 24, wakawa wanatoa moja moja mpaka zikabaki 4 zinazotosha kuirudisha seli ya kawaida ya panya kwenye hali ya uchanga, iwezayo kugeuka seli ya karibu aina yoyote. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu, na 2012 Yamanaka akapata Nobeli pamoja na Mwingereza John Gurdon.

Haya, kazini. Asubuhi anza na macho, mikono baadaye. Toa sahani kwenye inkubeta, ambako hukaa kwenye nyuzijoto 37 na kaboni dioksidi ya asilimia 5, uinyanyue kwenye mwanga. Chakula chake, kile kimiminika kinachozifunika seli, ni cha rangi ya waridi. Kikigeuka manjano ujue seli zimejaa na zimekitia asidi, umechelewa kuzigawa, yaani kuzihamishia sahani mpya kwa mafungu. Kikiwa na ukungu kama maji ya mchele, bakteria wameingia. Usifunue kifuniko kando ya sahani nyingine. Ipeleke ikamwagiwe klorini.

Kisha hadubini. Koloni, yaani kundi la seli zilizokua pamoja, ikiwa na afya imebanana, kingo zake safi, seli ni ndogo na kiini kimejaza karibu seli nzima. Ukiona pembeni kuna zilizotandaa, bapa, zimeachana na wenzake, hizo zimeshaamua kuwa kitu kingine. Zikwangue kwa ncha ya pipeti kabla hujagawa. Ukizionea huruma, wiki ijayo sahani nzima ni yao. Hapa mimi hukaa kuliko hatua nyingine yoyote, na wenzangu hunicheka. Wacha wacheke.

Kulisha kwenyewe ni kunyonya chakula cha jana na kuweka kipya, ndani ya kabati la hewa safi, glavu umezipulizia spiriti ya asilimia 70. Miminia ubavuni mwa sahani. Ukimwaga juu ya seli zinang'oka. Ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, maana protini ya kukuzia iitwayo FGF2 huharibika upesi kwenye joto la inkubeta. Vipo vyakula vipya vinavyovumilia wikiendi, lakini bei yake utaitafakari. Ndiyo maana kwetu zamu ya Jumapili hubishaniwa kwa ukali kuliko matokeo ya utafiti.

Koloni zikifunika kama asilimia 70 ya sahani, gawa. Nyonya chakula, suuza, weka EDTA ya milimola 0.5, kemikali inayolegeza seli zilivyoshikana, subiri dakika 4 hadi 5 huku ukichungulia. Mianya ikianza kuonekana kati ya seli, ondoa EDTA, weka chakula, pandisha na kushusha pipeti mara mbili tatu, basi. Unataka vibonge vidogo. Seli moja moja hufa kwa wingi. Ikikulazimu kuzitenganisha, tia dawa iitwayo Y-27632 ya mikromola 10 kwa siku ya kwanza. Kundi la Yoshiki Sasai, hapo jirani Kobe, lilionyesha mwaka 2007 kwamba dawa hiyo huziokoa seli shina za binadamu.

Penisilini usiifanye kinga. Itakufichia uchafu wako, na mikoplasma, bakteria wadogo mno, haiwawezi kabisa, kwa kuwa hawana ukuta wa seli ambao penisilini hushambulia. Hadubini ya kawaida haiwaonyeshi, chakula hakibadiliki rangi. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yao, kila mwezi hata kama kila kitu kinapendeza. Kromosomu nazo zikaguliwe kila baada ya migawo kumi hivi. Mwaka 2014 timu ya Masayo Takahashi ilimpandikizia mgonjwa wa macho tishu ya retina iliyotokana na seli zake mwenyewe za iPS, mara ya kwanza duniani. Kwa mgonjwa wa pili ilisitisha, kwa sababu seli zake zilikutwa na mabadiliko ya jeni.

Gandisha akiba mapema, seli zikiwa bado za migawo michache. Ziweke kwenye chakula chenye DMSO ya asilimia 10, kemikali inayozikinga seli zisipasuliwe na barafu, vichupa ndani ya chombo kinachoshusha joto takriban nyuzi 1 kwa dakika, usiku kucha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha nitrojeni kimiminika. Kuyeyusha ni kinyume chake: haraka, kwenye maji ya nyuzijoto 37, mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu. Jina la seli, namba ya mgawo na tarehe viandike kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti, na uijaribu kwanza kwenye kichupa kitupu. Vichupa vyote visikae tanki moja.