Trela ya kubebea pikipiki nzito: soma hapa kwanza kabla ya kuuliza

Wakuu, "nichukue trela gani?" limeshaulizwa vya kutosha, na anayeuliza karibu kila mara hasemi pikipiki yake ina kilo ngapi. Naandika mara moja, baada ya hapa nitakuwa naelekeza watu huku. Naongelea pikipiki za kilo 300 kwenda juu.

1. Uzito. Chukua uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta na oili, si ule mkavu wa kwenye matangazo. Honda Gold Wing za sasa ziko kwenye kilo 365 hadi 390 kutegemea toleo. Ongeza mabegi (tuseme 40), kisha rampu (daraja la kupandishia pikipiki), mikanda na kibano cha gurudumu la mbele (35). Tunapata 390 + 40 + 35 = 465.

2. Kibati cha trela. Uzito wa juu ulioandikwa pale unahesabu na trela yenyewe. Toa uzito wa trela tupu, kinachobaki ndicho mzigo wako. Trela ya 750 yenye kilo 240 ikiwa tupu inabeba 510, inafaa. Ya 750 yenye kilo 310 tupu inabeba 440, haifai, hata muuzaji akuapie. Ila usikimbilie ya tani 2 "kwa usalama". Springi zake ni ngumu mno kwa mzigo wa kilo 400 na kitu. Itarukaruka kwenye kila shimo na mikanda italegea.

3. Gari. Fungua kitabu chake, soma linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi na mpira wa nyuma (tufe la chuma linaloshika trela) unaruhusiwa kukandamizwa kwa kilo ngapi.

4. Mpira wa kuvutia. Kipimo chake kilingane na kikombe cha trela, yaani kile kinachoufunika mpira. Mpira wa inchi 1 7/8 unaingia vizuri tu kwenye kikombe cha inchi 2, unafunga, halafu unachomoka kwenye tuta la kwanza.

5. Tairi. Rimu ya inchi 13 kama unasafiri mbali, si zile ndogo. Kwa kilomita 100 kwa saa, tairi yenye kipenyo cha sentimita 42 inazunguka kama mara 1,260 kwa dakika. Ya sentimita 57, yaani ya rimu ya inchi 13, inazunguka kama 930. Beringi ndizo zinazolipa tofauti hiyo.

6. Rampu. Hii niliwahi kuikosea, kwa hiyo vumilieni urefu.

Watu huangalia kama rampu inahimili uzito, wakaishia hapo. Urefu una shida mbili. Kwanza mwinuko: sakafu ya trela ikiwa juu sentimita 55, rampu ya mita 1.5 inakupa nyuzi 21 na nusu. Ya mita 2.2 inakupa 14 na nusu. Pili tumbo. Pikipiki yenye mita 1.7 kati ya gurudumu na gurudumu, ikivuka ukingo wa sakafu kwa nyuzi 21 na nusu, inahitaji nafasi ya sentimita 16 chini ya injini. Kruza nyingi (pikipiki ndefu za chini) zina 12 au 13. Inakaa kwa tumbo, gurudumu la nyuma liko kwenye rampu, miguu yako haifiki chini, na huwezi kwenda mbele wala nyuma. Kwa nyuzi 14 na nusu inahitaji kama 11, inapita kwa shida lakini inapita.

ONYO: funga rampu kwenye chasisi ya trela kwa mkanda au mnyororo. Ndoano za rampu peke yake hazitoshi. Gurudumu la nyuma linapovuta kupanda, linaisukuma rampu kurudi nyuma. Ndoano zikinyanyuka kidogo tu, rampu inaanguka na pikipiki juu yake.

ONYO la pili: pakia trela ikiwa imefungwa kwenye gari, hendibreki juu. Trela ya ekseli moja ikisimama peke yake, uzito ukiingia kwa nyuma shingo (ile ya mbele inayofungwa kwenye gari) inanyanyuka kama pembea.

Kama bajeti inaruhusu, nunua trela ambayo sakafu yake yote inashuka hadi chini. Hatua hii yote inakufa.

7. Mahali pa kibano. Shingo ikandamize mpira kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo, bila kuzidi kikomo cha gari. Ikiwa nyepesi, trela inayumba. Pima kwa mizani ya bafuni: trela iwe sawa na ardhi, gogo chini ya kikombe, gogo juu ya mizani. Ukisogeza pikipiki ya kilo 430 mbele kwa sentimita 10, na toka ekseli hadi kikombe ni mita 2.5, unaongeza kilo 17. Kwa hiyo usichomelee kibano kabla ya kupima.

8. Kufunga. Mikanda minne ya racheti (kikazio cha meno), kulabu ziwe na kizuizi. Ya mbele ishike chini ya yoki ya foki (chuma kinachounganisha miguu miwili ya foki), si kwenye usukani, ivute mbele na pembeni. Foki ibonyee kama theluthi. Stendi ya pembeni iwe juu. Simama ukague baada ya kilomita 15.

MASWALI

Nati13: Mkuu, kwa hiyo trela gani nzuri?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 2.

Nati13: Nimesoma, ila si ungetaja moja tu.

Jibu: Hujasema kilo za pikipiki wala za trela. Nitaje ya nani?

Kijiti: Naweza kuiacha kwenye stendi ya pembeni nikafunga mikanda miwili? Rafiki yangu anafanya hivyo siku zote.

Jibu: Hapana. Kila shimo linabonyeza shokapu, mkanda unalegea, stendi inabaki na mzigo wote upande mmoja. Stendi ikipinda utamwambia nini rafiki?

Mama Gia: Shikamoo fundi. Kwa nini foki theluthi tu? Mimi nilidhani ukibana mpaka mwisho ndiyo haitikisiki.

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Ukibana mpaka mwisho, foki haina pa kwenda; tuta linapokuja, nguvu yote inaenda kwenye mkanda, usukani na sili za oili. Ukiacha nafasi, springi inausukuma mkanda muda wote na kuukaza. Ukitaka kujihakikishia, chora alama ya chaki kwenye mkanda pale unapoingia kwenye racheti. Kwenye ukaguzi utaona kwa jicho kama umeteleza.

Mama Gia: Na trela ikianza kuyumba barabarani?

Jibu: Achia mafuta taratibu, shika usukani wa gari sawa, usikanyage breki ghafla wala usijaribu kuufuata mwendo wake. Ikitulia, simama, sogeza pikipiki mbele.

Kruza88: Wewe unatisha watu. Rampu yangu ni mita 1.5, sijawahi kukwama.

Jibu: Sakafu yako iko juu sentimita ngapi?

Kruza88: 38.

Jibu: Basi una nyuzi chini ya 15. Hesabu ni ileile niliyoandika.

Turubai: Nyongeza wakuu, kama pikipiki ina alamu ya kuhisi mtikisiko, izimeni, vinginevyo mnafika betri imekufa. Na turubai lililolegea linapigapiga na kukwangua rangi kuliko vumbi lenyewe. Bora bila turubai.

Jibu: Kweli kabisa. Mimi naongeza: kila mkisimama, wekeni kiganja karibu na kitovu cha gurudumu la trela (hab). Vuguvugu ni sawa. Pakiwa pa moto hadi mkono hautulii, beringi haina grisi au imebanwa mno.

Kijiti: Nimepata kibati. Jumla 750, tupu 265. Pikipiki 372 na mafuta, mabegi naweka kwenye gari.

Jibu: Mzigo unaoruhusiwa 485, wako pamoja na vifaa kama 407. Chukua. Tairi zake za mwaka gani? Tafuta tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Kijiti: 2314.

Jibu: Wiki ya 23, mwaka 2014. Trela chukua, tairi tupa.