Kununua Jenereta ya Hospitali ya Kaunti Bila Kujitia Hasara

Tuchukue jenereta ya kVA 60 (kVA ni kipimo cha nguvu ya umeme) ya hospitali ndogo ya kaunti nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015.

1. Pesa. Hakikisha zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa na ununuzi umo kwenye mpango wa mwaka. Usikate kazi vipande, mashine leo na nyaya mwezi ujao, ili kukwepa zabuni ya wazi. Sheria inakataza.

2. Maelezo ya bidhaa. Hapa ndipo hasara nyingi huzaliwa. Ukiandika "jenereta ya kVA 60" basi, muuzaji ataishusha nyasini na kudai malipo, na atakuwa na haki. Andika: fezi tatu, volti 415, hezi 50, dizeli, kVA 60 za kazi ya mfululizo. Neno hilo la mwisho lina uzito, kwani wauzaji hupenda kutaja nguvu ya dharura, ambayo kwa kawaida huzidi ile ya mfululizo kwa karibu asilimia 10. Ongeza ganda la kupunguza kelele, swichi inayojibadilisha yenyewe stima ikipotea, jukwaa la zege, majaribio yenye mzigo na mafunzo kwa fundi wa hospitali. Kebo hadi ubao mkuu ipimwe kwa futi kamba, kona zote zikihesabiwa. Kukadiria kwa macho kutakugharimu utakapofika hatua ya 5. Chapa usiitaje, ikibidi, fuatisha "au inayolingana nayo".

3. Uhalali wa zabuni. Huu ni muda ambao bei za wazabuni zinaendelea kuwafunga. Tuseme umeweka siku 60. Tathmini huruhusiwa hadi siku 30. Maoni ya kitaalamu na barua zikila 10, kisha siku 14 za kusubiri malalamiko, umebaki na siku 6 za kupata dhamana ya utekelezaji (ahadi ya benki kulipa mshindi akishindwa kutimiza mkataba) na kutia saini. Benki nyingi haziharakishwi hivyo. Kurefusha kunaruhusiwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 30, tena kabla muda haujaisha. Weka 120 tangu mwanzo.

4. Barua. Mshindi na walioshindwa waarifiwe siku moja, kila aliyeshindwa akipewa sababu yake hasa. "Hukutimiza masharti" si sababu. Ni mwaliko wa kwenda kwa Bodi ya Mapitio, inayosikiliza malalamiko ya zabuni, na malalamiko yakiwasilishwa ndani ya siku 14, ununuzi wote husimama. Usitie saini kabla ya siku hizo kwisha.

5. Mabadiliko ya mkataba. Kwa bidhaa, kiasi hakiongezeki zaidi ya asilimia 15. Mkataba ukisema kebo mita 80, mwisho ni mita 92. Ikihitajika 110, umekwama. Bei haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kutia saini, na nyongeza zote kwa jumla zisipitishe asilimia 25 ya bei ya awali. Zifanyike mkataba ungali hai. Nyongeza ya mkataba uliokwisha muda haina pa kusimama.

6. Kupokea. Saini ya mtunza stoo langoni inathibitisha kwamba mzigo umefika, si zaidi. Kamati ya ukaguzi na upokezi isome kibao cha mashine, ilinganishe namba ya mfululizo na hati, kisha izime stima kwenye ubao mkuu na kuhesabu sekunde hadi taa za chumba cha upasuaji ziwake. Cheti cha upokezi kiandikwe baada ya hapo, na ankara ipelekwe kwa malipo kikiwa kimeambatishwa.