Kabla ya kuufufua ukingo wa Themi, shika futi kamba

Nimekulia Kijenge, Arusha, na sare zangu za shule nilizifua mto Themi. Leo nyumba nyingi zimeupa mto kisogo, jiko na choo ndivyo vinavyotazama maji. Kwa hiyo kila nikisikia watu wakipanga hoteli, nyumba za kupangisha na bustani kando ya mto, huuliza kwanza: mita 60 zenu ziko wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tafuteni futi kamba, kamba ya katani na vigingi vilivyopakwa chokaa. Mwenyekiti wa mtaa awepo, na wenye viwanja wawepo. Sisi mara ya kwanza tulipima peke yetu, na kulipokucha vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa. Tulirudia, safari hiyo kila mwenye kiwanja akiishika kamba kwa mkono wake, na vigingi vikabaki.

Ndani ya mita hizo wekeni njia ya miguu, nyasi na kivuli. Mama lishe na muuza matunda wakae upande wa barabara, kwa meza zinazobebwa jioni. Nyumba na maduka ya matofali yaanzie nje ya vigingi, na kila jengo liwe na mlango unaotazama mto. Hili la mlango nalisisitiza sana: hakuna anayetupa kiroba cha taka mbele ya baraza anakonywea chai, na binti anayepita jioni anajua kuna macho yanayomwona.

Msipande wala kujenga kitu kabla ya kuuona mto Aprili. Mvua hunyesha juu Meru, huku mjini jua linawaka, mara maji yanashuka kwa kishindo. Yakipungua, vaeni buti mkatazame matawi: majani na mifuko iliyonasa huko juu ndiyo inayosema maji yalifika wapi. Pakeni rangi kwenye shina, usawa uleule. Njia ipite juu ya alama hiyo. Chini yake acheni matete na mianzi vishike udongo, mkuyu usiguswe, na mikaratusi msiipande kabisa.

Septemba rudini tena. Maji yakiwa machache kila bomba la maji taka linajianika lenyewe, basi yahesabuni na mwandike kila moja linatoka kwa nani. Benchi lililo karibu na bomba la choo halikaliwi na mtu. Waosha magari nao msiwafukuze hivi hivi, watarudi usiku. Watafutieni eneo mbali na mto, lenye shimo la kunasa oili. Maji hayahaya yanamwagilia mboga huko chini, na mboga hizo tunazinunua sokoni.

Vibali vinahusu halmashauri ya jiji, NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi. Nendeni na mchoro wenye vipimo, si maneno matupu.

Kisha anzeni na kipande cha mita 100 tu. Kwetu tulianza na mabenchi mawili na muuza kahawa mmoja. Sasa yeye ndiye anayefagia pale kila asubuhi, kabla hajawasha mkaa chini ya deli lake.