Kwenda mji wa kando ya maji asubuhi na kurudi jioni: panga kuanzia kwenye kurudi

Safari hizi nimezifanya sana, kutoka jiji kubwa kwenda mji mdogo wa pwani au wa ziwani na jioni tunarudi kulala nyumbani, saa nyingine na familia, saa nyingine peke yangu nikiwa na siku ya ofu. Nilichokiona ni kwamba siku haiharibiwi na mvua wala hela, inaharibika kwa sababu watu wanapanga kwenda tu, kurudi wanaona kutajipanga kwenyewe. Kwa hiyo mimi naanzia mwisho.

Hatua ya 1: jua chombo cha mwisho cha kurudi

Kabla hata hujaangalia picha za huo mji, tafuta treni, basi au feri ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi, na iwe ya SIKU ILEILE unayoenda, maana ratiba ya Jumapili na sikukuu mara nyingi sio ya Jumatatu. Mimi kuna Jumapili nilifuata ratiba ya siku za kazi, nikafika gatini nimebeba mtoto kalala begani, nikakuta geti lina kufuli na taa za feri ziko kule katikati ya maji. Tukalala hukohuko kwa hela ambayo haikuwa ya kulalia. Tangu siku hiyo ile ya mwisho naiacha iwe akiba, narudi na inayoitangulia. Piga na skrinishoti ya ratiba, mtandao ukikata unayo.

Hatua ya 2: angalia maji

Kama ni bahari usiiruke hii. Sehemu nyingi maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, toka yajae mpaka yajae tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndio maana kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Sasa piga hesabu: kwa wiki ni karibu saa 6. Yaani mtu aliyekwambia Jumamosi iliyopita saa 6 mchana maji yalikuwa yamejaa, tena mazuri, wewe ukienda Jumamosi hii saa ileile utakuta yametoka, tope tupu na boti zimelala ubavu. Tafuta jedwali la kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu, ndio upange saa ya kuogelea na saa ya kutembea ufukweni.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku za jirani na hapo ni bamvua, yanajaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Halafu inategemea na mahali, Bay of Fundy kule Kanada tofauti inafika mita 16, lakini Mediterania sehemu nyingi utaona imesogea kidogo tu. Ziwani hili usihangaike nalo, angalia upepo.

Cha muhimu zaidi, hayajai kwa spidi moja. Kwenye zile saa 6 za kujaa, saa ya 3 na ya 4 peke yake zinaleta karibu nusu ya maji yote, kwa hiyo kama umevuka kwa miguu kwenda kwenye fungu la mchanga au kisiwa kidogo, geuza wakati maji bado yanatoka, usisubiri uyaone yanarudi. Huna jedwali? Angalia nguzo za gati. Ukiona utepe mweusi umelowa juu ya usawa wa maji, yanashuka, na kama nguzo ni kavu mpaka pale maji yanapogusa ujue yanapanda.

Hatua ya 3: cha majini kifanye asubuhi

Nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda na ya majini inaingia kujaza nafasi, ndio ule upepo unaoanza jua likishapanda na alasiri unakuwa mkali. Kama unataka kupanda boti ndogo panda mapema maji yakiwa yametulia, mitaa na makumbusho yatakusubiri mchana, ila hakikisha hiyo siku makumbusho yanafunguliwa.

Hatua ya 4: begi

Dogo. Nguo moja ya kubadili, mfuko usiopitisha maji wa kuwekea zilizolowa, pawabanki, ramani uliyoishusha kwenye simu kabla ya kutoka. Losheni ya jua iwe SPF 30 au zaidi na urudie kila baada ya saa 2, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, maana upepo unakupoza ngozi husikii unavyoungua.

Hatua ya 5: ukifika

Chagua kitu kimoja cha lazima, mnara wa taa au ngome au chochote kile, vingine vyote viwe vya bahati. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wana orodha ya sehemu nane na hawajakaa hata dakika kumi kutazama maji waliyoyafuata.

Ukiogelea, ogelea penye walinzi. Ile sehemu iliyotulia katikati ya mawimbi inayoonekana salama ndio mara nyingi ina mkondo unaovuta kwenda nje. Ukikuvuta usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndio urudi nchi kavu.

Hatua ya 6: kuondoka

Tega alamu saa moja na nusu kabla ya chombo chako. Kung'uta mchanga, badili nguo, gatini au stendi uwe umefika nusu saa kabla. Na kiti: kama asubuhi ulikuwa unaelekea kaskazini ukakaa kushoto kukwepa jua, jioni ukirudi kaa kushoto tena, jua limehamia magharibi na wewe umegeuka, kivuli kiko upande uleule.