Bilioni kati ya Kireno na Kiserbia: hesabu sifuri kwanza

Ukitafsiri takwimu kati ya Kireno na Kiserbia, usiliamini neno kwa sura yake. Uliza kwanza: hiki ni Kireno cha Brazil au cha Ureno? Kwa Wabrazil, bilhão ina sifuri 9. Ureno namba hiyohiyo huitwa mil milhões, na bilião yao ina sifuri 12. Kiserbia kiko upande wa Ureno: milijarda ni sifuri 9, bilion ni sifuri 12. Kwa hiyo gazeti la São Paulo likiandika dois bilhões (yaani 2 yenye sifuri 9), Mserbia aandikiwe dve milijarde. Ukimwekea dva biliona umezidisha fedha mara 1,000, na kwenye mkataba hilo ni balaa.

Kisha sarufi. Milijarda ni neno la kike, ndiyo maana tunasema dve. Milion ni la kiume, kwa hiyo dva miliona. Mwisho wa neno nao hubadilika: jedna milijarda (1), dve milijarde (2), pet milijardi (5), halafu ukifika 21 unarudi kwenye umoja, dvadeset jedna milijarda. Wanaotoka kwenye Kireno hukwama sana hapa, maana kwao wingi ni mmoja tu kuanzia 2 na kuendelea.

Alama hazisumbui: kwa kawaida lugha zote mbili hutenga desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Mimi huandika tarakimu kamili pembeni mwa rasimu, 2.000.000.000, ndipo nichague neno.